Naomba ushauri: Hattie McDaniel au Fredi Washington?

Wakuu, habari za jioni. Binti yangu wa kidato cha tatu ana igizo la dakika tano la mtu mmoja, kuhusu waigizaji wanawake weusi wa Hollywood ya zamani. Mimi ndiye msaidizi wake, na hatuelewani.

Yeye kang'ang'ania Hattie McDaniel, mtu mweusi wa kwanza kupata Oscar, mwaka 1940, kwa kucheza mjakazi katika Gone with the Wind. Usiku ule alikalishwa meza ya pembeni, mbali na wenzake wa filamu, maana hoteli ile ilikuwa na ubaguzi. Binti ameshaanza mazoezi: maua meupe kichwani, anainuka taratibu kutoka kwenye kistuli cha jikoni, anavuka sebule yote hadi kwenye televisheni. Kusema kweli, nilitokwa na machozi.

Ila naogopa. Akiingia kwenye sehemu ya mjakazi, wanafunzi watacheka. Hata enzi hizo NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi Marekani, walizilaumu nafasi za aina hiyo.

Mimi namtaka Fredi Washington. Alikuwa mweupe kiasi cha kuweza kujifanya mzungu, akakataa katakata, na mwaka 1937 akawa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha waigizaji weusi. Tatizo, hana tukio moja kubwa la kuigiza.

Mliosomea maigizo, mjakazi anachezwaje bila kugeuka kichekesho? Au aiache kabisa sehemu hiyo, abaki na ile meza tu? Onyesho ni Ijumaa.