Singoniamu ya mabaka meupe inatoa majani ya kijani matupu, nifanyeje?

Mgeni wa Maua: Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada kuhusu singoniamu, lile ua la ndani lenye majani kama kichwa cha mshale. Lipo sebuleni hapa Dar, mita tatu kutoka dirishani, na kiyoyozi huwashwa kila usiku. Majani manne ya mwisho yametoka kijani kitupu. Ya zamani, sehemu nyeupe zinakauka kingo na kuwa kahawia. Namwagilia maji ya kisima kila baada ya siku mbili. Udongo ni wa bustani na samadi kidogo.

Kipepeo: Lisogeze kwenye mwanga, mabaka yatarudi yenyewe.

Kitalu: Hapana mkuu, kwa shina lililokwisha kugeuka hayarudi. Weupe ule ni seli zisizo na klorofili (ile rangi ya kijani inayotengenezea mmea chakula), zinaishi pamoja na za kijani ndani ya shina moja. Ncha ikishabaki na seli za kijani tu, kila jani litakalofuata litakuwa kijani.

Dawa ni mkasi. Shuka na shina hadi jani la mwisho lenye mabaka mazuri, ukate nusu sentimita juu ya kifundo chake (pale jani linapoungana na shina). Kabla hujakata kagua shina: likiwa na mistari meupe karibu na jicho la kifundo hicho, una nafasi nzuri. Kama hakuna mstari, shuka tena. Futa mkasi kwa spiriti, vaa glavu maana utomvu wake unawasha, na watoto na paka wasiutafune.

Chungu Kikavu: Kingo za kahawia ni kesi nyingine. Namshuku kisima kwanza, kiyoyozi baadaye. Visima vingi vya Dar vina chumvi, nayo hujikusanya kwenye chungu na kuunguza kingo. Weupe ndio huanza. Kuchemsha hakusaidii, chumvi inabaki palepale. Tumia maji ya mvua. Siku ya kwanza mimina taratibu maji mara tatu ya ujazo wa chungu, yatokee chini yote. Baada ya hapo usihesabu siku: chomeka kidole, sentimita 3 za juu zikikauka ndipo umwagilie.

Udongo wa bustani unashikamana na kuozesha mizizi. Changanya makumbi ya nazi yaliyosagwa sehemu 2, mkaa wa saizi ya punje za mahindi sehemu 1, mboji iliyoiva sehemu 1. Makumbi ya pwani nayo yana chumvi, yaloweke na kubadilisha maji mara tatu.

Mwanga: mita moja kutoka dirisha la mashariki. Jua kali la mchana litababua weupe. Palipokwisha kuwa kahawia hapaponi, usisubiri.

Mgeni wa Maua: Asanteni sana. Kipande nitakachokata nitupe? Na kuna chipukizi jeupe pee pembeni, si ndilo zuri zaidi?

Kitalu: Kipande chenye kifundo kiweke kwenye maji, kifundo kizame, jani libaki nje. Mizizi huonekana ndani ya wiki 2 au 3. Kitakuwa cha kijani tu, lakini kitakua haraka. Hilo jeupe kata: halijitengenezei chakula, linakula jasho la wenzake.

Chungu Kikavu: Geuza majani pia, ukague chini yake. Hewa kavu ya kiyoyozi inapendwa na utitiri. Ukiona vidoa vya njano na utando mwembamba chini ya jani, osha kwa sabuni ya maji mililita 5 kwa lita, urudie kila siku ya 5 mara tatu.