Utumbo wa mtu mzima umejimeza, uvimbe si saratani: kulikuwa na haja ya kuukata?

Mwana wa Ujiji
Wakuu, habari za humu. Baba mdogo anauza dagaa Kibirizi, mtu wa kazi haswa. Tangu kiangazi tumbo linamkata kwa vipindi: linabana mpaka anagaragara, likiachia anaomba ugali na migebuka, utadhani si yeye. Zahanati moja ikampa dawa ya minyoo, nyingine ikasema vidonda vya tumbo. Mtaani wakasema chango, akanyweshwa mizizi. Juzi tumbo likavimba, akatapika nyongo, choo hakuna, hata ushuzi hautoki. Altrasaundi ikaonyesha utumbo umeingia ndani ya utumbo, akapasuliwa usiku ule ule. Walikuta kinyama, yaani uvimbe, kwenye utumbo mwembamba, wakakata kipande chote. Leo majibu yametoka: si saratani. Mama mdogo kawaka, "Si wangeuvuta tu?" Mtoto wa binamu yangu Dar utumbo ulijimeza, akapandishiwa hewa kwa nyuma, hakuguswa na kisu.

Nesi wa Tieta, Tabora
Poleni. Mtoto na mtu mzima hapa hawalingani. Kwa watoto wengi hakionekani chanzo, ukirudishwa umerudi. Wakubwa ni kama 5 tu katika kila wagonjwa 100 wa utumbo kujimeza, ila takribani 9 kati ya 10 wana kitu ndani. Utumbo unajisukuma kupeleka chakula. Ukikutana na kinyama nacho unakisukuma, kinaburuta ukuta kilikoota mpaka unazama sehemu ya mbele. Mishipa ya damu inabanwa, utumbo unaanza kufa. Sasa uvute, kinyama ukiache? Utajimeza tena, au utachanika mkononi. Na saa nane za usiku hakuna macho yanayojua hii ni saratani, hii siyo. Maabara ndiyo inayosema, na maabara inataka kipande. Huyo daktari kafanya kazi yake.

Mzee Reli
Majibu yameandikwa jina gani? Kuna uvimbe wa mafuta matupu, kuna mwingine.

Mwana wa Ujiji
Inflamatori fibroidi polipu. Nimeandika ilivyo.

Nesi wa Tieta, Tabora
Hicho ni kinyama kinachoota kwenye ukuta wa tumbo au utumbo, si saratani, na ni nadra. Daktari Vanek alikieleza mwaka 1949. Hupenda tumbo lenyewe la chakula, kisha mwisho wa utumbo mwembamba. Ikitolewa yote ni nadra kurudi, na haina habari za mionzi wala dawa za saratani. Mimi ningeangalia makovu ya ndani yanayoachwa na upasuaji: yanaweza kuunasa utumbo hata miaka mbele. Akitapika tena huku tumbo limejaa, hospitali moja kwa moja, mizizi wekeni pembeni.

Mwana wa Ujiji
Asante dada, nimemsomea mama mdogo. Mgonjwa mwenyewe anauliza atabeba lini magunia.

Nesi wa Tieta, Tabora
Wiki sita asinyanyue kitu kizito. Ahesabu hela, vijana wabebe.