Breki zinavuta kushoto na pedeli inalainika gari likipata moto, fundi anataka masta silinda

Dereva Mpole
Wakuu, naombeni ushauri kabla sijatoa hela. Gari ni saluni, diski mbele, drami nyuma. Likitoka asubuhi halina neno. Likishatembea kama nusu saa linaanza kuwa zito, usukani unakwenda kushoto hata sijagusa breki, na nikikanyaga ndiyo linavuta zaidi. Nikiendelea, pedeli inakuwa laini na kuzama karibu na sakafu. Nikipaki likapoa, pedeli inarudi juu kama kawaida. Rimu ya mbele kushoto haishikiki kwa moto, na kuna harufu ya kuungua. Pedi ni mpya, mafuta ya breki hayapungui. Fundi kasema masta silinda, ile pampu kuu inayosukuma mafuta ya breki, imekufa. Nianzie wapi?

Mwana Lami
Alaimenti hiyo, matairi hayajanyooka sawa. Angalia na upepo wa tairi.

Bibi Spana
Alaimenti haiunguzi rimu, mkuu. Hapo tairi la kushoto linabaki limekamatwa baada ya kuachia pedeli, ndiyo maana gari linaelemea huko. Ingekuwa breki ya upande mmoja haikamati kabisa, gari lingevutwa upande wa pili, ule wenye breki nzima. Wengi hukimbilia kufungua tairi lisilo na kosa.

Gia ya Tano
Mimi nipo na fundi. Yangu ilikuwa inazama hivyo hivyo, nikabadilisha masta silinda, ikaisha.

Bibi Spana
Yako ilizama hata gari likiwa baridi? Masta silinda iliyochoka ndani haisubiri moto. Washa injini gari likiwa limesimama, kanyaga pedeli na uikalie kwa nguvu ile ile. Ikishuka polepole na mafuta hayavuji popote, hapo shuku masta silinda. Ya mtoa uzi inalainika likipata moto tu, tena baada ya tairi kuchemka. Kinachochemka hapo ni mafuta yenyewe. Mafuta ya breki ya kawaida hunyonya unyevu wa hewani. DOT 3 (daraja mojawapo la mafuta ya breki) mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji kiwango cha chini kinachokubalika ni 140. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea, mafuta hayabonyei. Mguu wako unaishia kubonyeza mvuke. Gari likipoa mvuke unarudi kuwa mafuta, pedeli inapanda.

Kwa hiyo usiitafute pedeli, tafuta kwa nini tairi halijiachii.

Kijana wa Jeki
Buusta je?

Bibi Spana
Buusta, kile kifaa kinachoongezea mguu nguvu, ikiwa mbovu kwa kawaida hufanya pedeli iwe ngumu, siyo laini. Zima injini, kanyaga mara kadhaa mpaka ikaze, kisha uikanyage hivyo hivyo ukiwasha. Ikishuka kidogo, inasaidia. Tuiache.

Mtoa uzi, endesha taratibu sehemu salama isiyo na magari mpaka tairi likamate, usisubiri pedeli ilainike. Paki pasipo mteremko, weka vizuizi kwenye matairi ya nyuma, nyanyua mbele, weka stendi. Usitegemee jeki peke yake. Zungusha tairi kwa mkono. Likiwa limekaza, vaa glavu na miwani, chomeka mpira mwembamba kwenye nipo (skrubu ndogo yenye tundu) ya kutolea upepo kwenye kalipa, ile inayobana pedi kwenye diski, upeleke kwenye chupa, kisha legeza nipo kidogo. Mafuta yakiruka na tairi likawa huru, kuna presha iliyofungiwa ndani. Likibaki limekaza, tatizo ni kalipa yenyewe: pistoni imeshika kutu au pini zake hazitelezi.

Dereva Mpole
Nimefanya leo, kulikuwa na fundi mwingine pembeni. Tairi lilikuwa gumu kweli. Kulegeza nipo tu, mafuta yakaruka, yana rangi ya chai ya rangi, na tairi likazunguka kwa kidole! La kulia lilikuwa huru muda wote.

Bibi Spana
Basi kalipa haina kesi kubwa. Masta silinda ikishindwa kuachia presha, mara nyingi huathiri zaidi ya tairi moja, na la kulia liko huru. Mimi namshuku mpira wa breki wa kushoto, ule unaopeleka mafuta kwenye kalipa. Kwa nje unaweza kuonekana mzima, kumbe ndani umevimba au umebanduka ukawa kama vali: nguvu ya mguu inapenyeza mafuta kwenda, ila ya kurudi haina msukumo wa kutosha. Kuhakikisha, likikamata tena, mwambie fundi alegeze nati inapoungana paipu ya chuma na mpira. Likibaki limekaza pale, kisha likaachia kwenye nipo, mpira ndio mwizi.

Badilisha ya mbele yote miwili, umri wao ni mmoja. Kagua pedi za kushoto: zikiwa zinang'aa kama kioo au zimepasuka, weka seti mpya pande zote mbili. Pima diski pia, isiwe imepinda kwa moto.

Kijana wa Jeki
Mafuta aweke DOT 5 basi, si ndiyo yanastahimili moto zaidi?

Bibi Spana
Hapana! DOT 5 ni ya silikoni, haichanganyiki na 3 wala 4. Soma kifuniko cha chupa ya mafuta ya breki, weka yaliyoandikwa pale, kutoka kopo lililofunguliwa siku hiyo hiyo. Toa yote ya zamani kwenye matairi manne, siyo la kushoto tu. Na mpaka kazi iishe, gari lisitoke barabarani.

Dereva Mpole
Nimeelewa, bibi. Masta silinda nimeghairi, naagiza mipira.