Umri wa kujifunza maneno: tuupimeje kwa watoto wa Moshi?

Mwalimu wa awali, Moshi: Ndugu zangu, watoto ninaowafundisha wengi huanza na Kichaga nyumbani. Nikitaka kujua hujifunza maneno ya Kiswahili wakiwa na umri gani, je, inatosha kuwauliza watu wazima wakumbuke?

Jibu, Arusha: Shikamoo, Mwalimu. Inasaidia. Mwaka 2012 mtafiti Kuperman na wenzake walikusanya makadirio ya watu wazima kuhusu umri waliojifunza maneno zaidi ya 30,000 ya Kiingereza, na utafiti wa 2016 ukalinganisha maneno 299 katika lugha 25. Makadirio hayo huonyesha vizuri neno lipi hutangulia lipi, ila umri wenyewe ni wa kukisia.

Jibu, Moshi: Kwa wadogo kabisa, muulize mzazi mtoto anajua maneno yapi. Huko Kilifi, Kenya, watafiti waliwasomea wazazi wasiojua kusoma orodha za maneno ya Kiswahili na Kigiriama, nao wakajibu kwa mdomo. Wewe weka safu mbili, ya Kiswahili na ya Kichaga, maana mtoto wa Kibosho anayemtaja ng'ombe kwa Kichaga tayari anamjua, na kumwandikia sifuri ni kumwonea.

Mwalimu: Marahaba, na asanteni. Nitaanza na bibi zao, ndio wanaoshinda nao.