Desemba naenda kuhesabiwa: nishuke Dar, Nairobi au KIA?

Dada wa Hamburg:
Shikamooni wakubwa, wadogo mambo. Mwaka huu nakuja kuhesabiwa, yaani kula Krismasi nyumbani Marangu kama Wachaga wote, na mume wangu Mjerumani, watoto wawili na mabegi sita. Tiketi ya kushukia Dar ni nafuu kuliko ya KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Nimeona video za treni ya umeme, mtu anakunywa chai na kikombe hakitikisiki. Nikifika Dar si naipanda tu mpaka Moshi? Shemeji yenu, ambaye treni kwake ni dini, ameshaanza kuulizia siti za dirishani.

Kaka, Moshi mjini:
Mpoze shemeji kwanza. Hiyo ni SGR, reli mpya ya kisasa, ile iliyozinduliwa Agosti 2024. Inatoka Dar, inapita Morogoro, inaishia Dodoma. Huku kwetu haijafika. Treni inayokuja Moshi inatumia reli ya zamani, na mwambie waliojenga kipande cha Tanga mpaka hapa ni babu zake, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Arusha ilifika 1929. Abiria tulisahaulika miaka mingi hadi ilipoturudia Desemba 2019. Mimi naipenda, lakini inalala njiani na haitembei kila siku. Watoto waliotoka kwenye ndege ya usiku watakulilia mpaka Same.

Basi je? Kutoka Mbezi stendi ya Magufuli ni kama kilomita 560: Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, Same, Mwanga. Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa tena kutembea usiku. Shida ni Desemba yenyewe. Wiki moja kabla ya Krismasi Wachaga wote wako barabarani, na mpiga debe anakutajia nauli yake, siyo ile iliyopangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Mwaka juzi nilikata tiketi ya siti, kuingia ndani nikamkuta mama amekaa hapo na tiketi ya namba ileile. Konda akanipa ndoo. Nimeikalia ndoo ile hadi Korogwe, na nilikuwa nimevaa suti.

Kwa hiyo usiangalie bei ya kufika Dar, angalia bei ya kufika mlangoni kwa mama. Ukiunganisha ndege ya ndani kwa tiketi ya pembeni, mabegi unayachukua Dar na kuyakabidhi upya, uzito wa ziada unaulipia, na ndege ya kwanza ikichelewa ya pili haikusubiri. Kata tiketi moja mpaka KIA.

Mjomba, Sakina Arusha:
Marahaba mwanangu. Kuna wanaoshukia Nairobi na kupanda shato, yaani basi dogo la abiria, mpaka Arusha kupitia Namanga. Njia nzuri, lami tupu. Ila watoto wako wana pasipoti za Ujerumani, na Kenya tangu Januari 2024 inawataka wageni kama hao waombe kibali mtandaoni kabla ya kupanda ndege. Kuna ndugu yetu alizuiwa kaunta huko huko Ulaya kwa sababu hiyo.

Mdogo wenu, Dodoma:
Apande SGR mpaka kwangu, kisha basi la Kondoa, Babati, Arusha. Lami ipo!

Kaka, Moshi mjini:
Wewe unataka wageni tu. Huko ni kuuzunguka mlima ili uingie jikoni.

Dada wa Hamburg:
Haya, nimekata ya KIA. Shemeji yenu kanuna. Kutoka hapo mpaka Marangu?

Kaka, Moshi mjini:
KIA iko katikati ya Arusha na Moshi, upande wa Hai. Ukiwa peke yako unachukua boda hadi njia panda, unadandia Kosta ya Moshi, halafu Noah za Marangu. Kwa mabegi sita usithubutu, nitakuja na gari. Shemeji tutampeleka stesheni ya Moshi siku treni ikiwepo, apige picha.

Mjomba, Sakina Arusha:
Katika hayo sita, ya kwetu ni mangapi?