Baa iliyonyooka au yenye tumbo: ipi inakata haraka kwenye msumeno wa mashindano?

Kifyekeo (mleta mada)
Wakuu, injini ya msumeno wangu wa mnyororo wa mashindano ya kukata magogo iko tayari, sasa nachagua baa, yaani bamba la chuma ambalo mnyororo unalizunguka. Moja kingo zake zimenyooka, nyingine zimetuna nje kiasi, yaani ina tumbo. Gogo ni la sentimita 40, kipande kimoja cha kushuka (nakata nikishusha msumeno), kimoja cha kupandisha (nikiupandisha). Nichukue ipi?

Jino_Kali
Yenye tumbo, usiumize kichwa. Mnyororo wa 3/8 (kipimo cha inchi cha nafasi ya viungo vyake) una jino kila baada ya milimita 38 hivi, kwa hiyo katikati ya gogo hilo unabeba meno 10 au 11 kwa mpigo. Tumbo linayapunguza na kila jino linapata nguvu zaidi.

FundiMzee
Hapo nakupinga, kijana. Ukishusha msumeno moja kwa moja bila kuuyumbisha, mkato unachukua umbo lile lile la baa. Tumbo linajichimbia nafasi yake na meno yote yanabaki kazini. Unachosema kinatokea pale tu unapobembeza msumeno, mkono wa nyuma ukipanda na kushuka. Tena hata baa iliyonyooka ukiibembeza inapunguza meno, ila tumbo linahitaji mbembeo mdogo zaidi.

Faida ninayoiona mimi iko upande usiokata. Mnyororo ukienda mita 30 kwa sekunde kwenye reli (ukingo wa baa) iliyonyooka, hakuna kinachoukandamiza, unapigapiga kama kamba ya kurukia. Reli ikipinda kidogo, mvutano wa mnyororo wenyewe unaubana kwenye reli. Ukizidisha tumbo, mbano huo unakuwa msuguano usioisha, na injini ndiyo inayoulipia.

Kifyekeo
Shikamoo mzee. Na pua (ncha ya baa) je, ya puli (gurudumu dogo la meno linalozunguka) au ngumu (isiyo na kinachozunguka)?

FundiMzee
Marahaba. Pua waulize wenye ugonjwa nayo, wako humu.

PuaNgumu
Nimeitwa 😂 Piga hesabu: puli ya meno 11 kwa mnyororo wa 3/8 inapitisha karibu sentimita 21 kwa mzunguko. Kwa mita 30 kwa sekunde, kijiberingi kile kinazunguka zaidi ya mara 8,500 kwa dakika. Misumeno ya Hot Saw (yenye injini zilizoongezwa nguvu) kule kwenye mashindano ya Timbersports inakwenda kasi kubwa kuliko hiyo. Pua ngumu haina beringi ya kupasuka.

Jino_Kali
Lakini inakula nguvu kwa msuguano na inataka oili nyingi. Kwa injini isiyobadilishwa sana, puli inashinda.

PuaNgumu
Kwa injini hiyo sibishi. Ila asichukue pua nyembamba mno. Kila kiungo kinakunjwa kwa pembe kubwa kikizunguka duara dogo, na kukunja ni msuguano pia. Wengi wanasifu pua ndogo kwa sababu haipigi teke sana (msumeno kumrukia mkataji), jambo la maana porini, lakini kwenye gogo la mashindano ncha hukai ukiizamisha kwenye mti.

Kifyekeo
Kwa hiyo tumbo dogo, pua ya puli ya wastani?

FundiMzee
Ndiyo, na hakikisha kingo zote mbili zina umbo moja, maana kipande cha kupandisha kinakatwa na ukingo wa juu. Kisha zifunge zote mbili kwa zamu, mnyororo ule ule, gogo lile lile, ukate mara kadhaa kwa saa ya kupimia. Usinoe mnyororo katikati ya majaribio, utakuwa unapima tupa badala ya baa.