Mada: Kujua mbunge wako wa Uingereza amepigaje kura

Dada wa Reading:

Shikamooni nyote. Nataka kumwandikia mbunge wa jimbo langu kuhusu viza ya mume wangu. Kabla sijaandika, nijue kwanza huko nyuma alipigaje kura kwenye mambo ya uhamiaji. Kufungua kurasa za Bunge moja moja kunachosha mno. Kuna njia ya mkato kwa anayejua Python kidogo?

Kaka wa Leicester:

Marahaba dada. Njia ipo, ni ya bure, na huhitaji kujisajili wala ufunguo wa kuingilia (API key). Anza kwa kutafuta namba ya mbunge wako. Bandika hii kwenye kivinjari, uweke posikodi yako:

https://members-api.parliament.uk/api/Members/Search?Location=POSIKODI&House=1

Kwenye majibu tafuta "id". House=1 ni Baraza la Makabwela. Ukishaipata namba, iweke palipoandikwa NAMBA, uendeshe hii:

```
import requests
anwani = "https://commonsvotes-api.parliament.uk/data/divisions.json/membervoting"
vigezo = {"queryParameters.memberId": NAMBA,
          "queryParameters.searchTerm": "Rwanda",
          "queryParameters.take": 25}
for k in requests.get(anwani, params=vigezo).json():
    d = k["PublishedDivision"]
    print(d["Date"][:10], d["DivisionId"], d["Title"], k["MemberVotedAye"])
```

True maana yake alisema ndiyo, False alisema hapana. Matokeo yakizidi 25, ongeza queryParameters.skip uruke yale uliyokwisha kuyaona. Ukitaka majina ya wote waliopiga kura fulani, fungua https://commonsvotes-api.parliament.uk/data/division/ kisha DivisionId na .json. Usitumie Number, kwa sababu hiyo huanza upya kila kikao kipya cha Bunge.

Sasa naomba unisikilize vizuri hapa, maana ndipo watu wanapowasingizia wabunge. Ndiyo na hapana hazina maana mpaka usome kichwa cha hoja. Chukua muswada wa Rwanda, ule wa kuwapeleka waomba hifadhi Rwanda, tarehe 12 Desemba 2023. Siku hiyo zilipigwa kura mbili. Ya kwanza ilikuwa hoja ya Labour, chama cha upinzani wakati huo, ya kuukataa muswada, ikashindwa kwa 269 dhidi ya 337. Ya pili ilikuwa ya muswada wenyewe kusomwa mara ya pili, ukapita kwa 313 dhidi ya 269. Aliyeupinga muswada huo atatokea True kwenye ya kwanza na False kwenye ya pili, naye hajabadilisha msimamo hata kidogo.

Tena tazama hizo 337 na 313. Kuna wabunge wa Conservative, chama kilichotawala wakati huo, waliosaidia kuiangusha hoja ya Labour, halafu wakakaa kando muswada ulipofika. Kwenye majibu ya membervoting huwaoni katika kura hiyo ya pili, kwa sababu humo zinaingia kura zilizopigwa tu. Na hata ukifungua orodha nzima ukakuta jina la mtu halipo, data haisemi kama aliumwa, alisafiri au alisusa. Usimwandikie "ulikimbia kura". Muulize kwa nini hakupiga.

Mama wa Coventry:

Mwanangu, ahsante kwa maelezo. Lakini wewe dada wa Reading, kwa viza ya mume usitegemee kuikuta kwenye hizo kura. Kima cha chini cha kipato kwa anayemleta mwenzi wake kilipanda kutoka pauni 18,600 hadi 29,000 tarehe 11 Aprili 2024, na hakikupandishwa kwa muswada. Serikali iliwasilisha bungeni taarifa ya mabadiliko ya kanuni za uhamiaji, na kanuni za namna hiyo kwa kawaida huanza kutumika bila mbunge yeyote kuulizwa ndiyo au hapana. Mambo mengi yanayotuumiza sisi hupita mlango huo. Ukitafuta kura usipate kitu, usidhani mbunge wako hana msimamo.

Kwenye barua andika anwani yako kamili na posikodi, maana wanashughulikia watu wa jimbo lao tu. Na kama pasi yako ni ya Tanzania, Kenya, Uganda au Rwanda na una kibali halali cha kuishi hapa, jiandikishe kupiga kura ya kuchagua wabunge hata kama huna uraia. Nchi hizo zote zimo kwenye Jumuiya ya Madola. Wenzetu wa Kongo na Burundi hawana haki hiyo mpaka wapate uraia, nami naona si haki, lakini sheria ndivyo ilivyo.

Dada wa Reading:

Shikamoo mama, nashukuru sana. Sikujua kwamba kima kile hakikupigiwa kura. Sasa kaka, nitajuaje kama mbunge wangu aliwahi hata kulisemea?

Kaka wa Leicester:

Mama amenena kweli. Angalia maswali ya maandishi ambayo wabunge huwauliza mawaziri. Namba ya mbunge ni ileile, anwani ndiyo inabadilika:

https://questions-statements-api.parliament.uk/api/writtenquestions/questions?askingMemberId=NAMBA&searchTerm=visas

Swali liko kwenye questionText, jibu la waziri kwenye answerText. Jaribu pia neno "spouse" na "immigration", kwa kuwa kila mbunge ana namna yake ya kuuliza. Ukikuta ameuliza kuhusu kima cha kipato, nukuu swali lake na tarehe yake kwenye aya ya kwanza ya barua yako, halafu eleza hali yako na ya mume wako. Usipokuta kitu, mwombe aliulize yeye. Hiyo ni kazi yake, na jibu la waziri litabaki kwenye kumbukumbu za Bunge.